Waya wa Chumba cha Cherehani

Mwaka niliomaliza kidato cha sita, baba alirudi nyumbani Kibondo akitembea nyuma ya guta lililojaa vitu vya ofisi iliyofungwa. Baada ya kustaafu ualimu alikuwa amepata kazi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta, kusimamia dirisha moja la mgawo wa chakula, na shirika lililomwajiri lilipopunguza shughuli zake liliuza kila kilichobaki. Wenzake walinunua viti na meza. Baba alinunua boksi la waya wa mtandao, wa buluu, uliotumika nusu. Kifaa cha chuma chenye matundu manane ambacho mafundi wanakiita swichi. Koleo la kubania vichwa vya waya. Na kompyuta mpakato tatu zilizokufa betri, zinazowaka tu zikiwa zimechomekwa kwenye umeme.

Tulifurahi. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa anasubiri matokeo ya kidato cha nne, alilizunguka guta mara mbili kabla hajathubutu kugusa kitu. Mama alitoka chumba chake cha cherehani na tepu shingoni, akasimama mlangoni akifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu.

Baba akatueleza mpango wake. Dishi dogo lingefungwa juu ya bati, litazame mnara wa mjini. Mtandao ungeshukia chumbani kwake, na kutoka pale kila chumba kingepata waya wake. Mdogo wangu akauliza kwa nini tusitumie waifai tu, kama watu wote.

"Waifai haifai," baba alisema, akacheka mwenyewe. "Ni kama moshi, hujui nani ananusa. Waya una mwanzo na una mwisho. Nikishika mwanzo, najua mwisho uko kwa nani."

Na sisi tukacheka. Baba alikuwa mtu wa maneno matamu. Kanisani walimpa kila tangazo gumu alitangaze yeye.

Lazima niseme hapa kwamba hatukuzaliwa wawili. Tulikuwa na dada mkubwa. Alimpenda kijana wa Kirundi aliyekuwa akibeba magunia kwenye dirisha lile lile alilosimamia baba, akashika mimba. Baba hakupiga kelele. Alimwita sebuleni, akamwambia achague: ama ataje mtu mwingine, yeyote, awe ndiye baba wa mtoto, ama atoke. Dada akatoka. Familia ya yule kijana ilipojiandikisha kurudi kwao Burundi, akaondoka nao kwenye mabasi ya msafara, tumbo likiwa la miezi saba. Baba akazitoa picha zake kwenye albamu, moja moja, kwa wembe, bila kuharibu zilizobaki. Jina lake halikutajwa tena ndani ya nyumba. Simu ya mama, kile kitochi cha vibonyezo, baba aliishika kila jioni na kusoma namba zilizoingia na zilizotoka.

Basi kazi ya waya ikaniangukia mimi. Mdogo wangu alikuwa mzito, baba alisema atavunja mbao za dari. Mimi nilikuwa mwembamba. Baba mwenyewe alijua kazi kwa kuwa aliwatazama mafundi wa ofisini, na alikuwa na karatasi moja ambayo fundi aliichora rangi. Ndani ya waya mmoja kuna nyuzi nane nyembamba, zimesokotwa mbili mbili, na zisipopangwa kwa utaratibu wake kichwani hakipiti kitu. Alinikalisha kwenye kigoda, akanifanya nizikariri kama katekisimu. Nyeupe ya chungwa, chungwa. Nyeupe ya kijani, buluu. Nyeupe ya buluu, kijani. Nyeupe ya kahawia, kahawia. Nilipokosea alinigonga vifundo vya vidole kwa mpini wa koleo, si kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi.

"Tena," alisema.

Siku ya kupanda darini ilikuwa ya kiangazi, na baba akachagua saa sita mchana kwa sababu asubuhi alikuwa na kikao cha kanisa. Chini ya mabati palikuwa na joto la kupika. Nilitambaa juu ya boriti nikivuta waya kiunoni, pua imejaa vumbi na mavi ya popo, na baba akawa ananielekeza kutoka chini kwa kugonga dari na mpini wa fagio. Goti langu lilipoelekea kushoto, fagio liligonga kulia. Nilipofika juu ya sebule mguu uliteleza kwenye boriti, nikatoboa ubao. Niliona goti langu likining'inia sebuleni, na chini yake uso wa baba ukinitazama.

Hakunigombeza. Alisema, "Maliza kwanza," kisha nikasikia ngazi ikiburuzwa. Aliitoa, akaiegesha ukutani upande wa pili wa uwanja, akaketi barazani kunywa chai. Jirani mmoja alipita, wakaongea kuhusu bei ya mahindi. Niliwasikia neno kwa neno. Niliita mara moja tu. Baba akamwambia jirani, "Binti yangu huyo, fundi. Yuko kazini."

Mama alikuja chini ya tundu nililotoboa. Niliona utosi wake na tepu ya cherehani. "Mwana wanje," alininong'oneza kwa Kiha, mwanangu, vumilia. Akanirushia chupa ya maji, ikarudi. Akairusha tena, ikarudi. Mara ya tatu nikaidaka. Ngazi hakuileta. Simlaumu, maana hata mimi nisingeileta. Nilivuta nyaya zote nne jioni ile: wa sebule, wa chumba changu, wa chumba cha cherehani, wa chumba cha mdogo wangu. Niliposhuka nilitapika kwenye mchaichai, na baba akasema kazi ni nzuri.

Na ilikuwa nzuri kweli. Taa za kijani zilipowaka kwenye swichi, nilijisikia kama mtu aliyewasha taa za mji mzima.

Swichi ilikaa chumbani kwa baba, kwenye rafu juu ya kitanda, na chumba kilifungwa kwa ufunguo. Alibandika karatasi chini ya kila tundu kwa mwandiko wake wa ubaoni: moja sebule, mbili mimi, tatu mama, nne mdogo wangu. Wiki mbili za kwanza kila kitu kilikwenda vizuri. Mama alikuwa akitazama mishono ya magauni, wateja wakaongezeka, baba akajisifu kwa watu.

Kisha mdogo wangu alichelewa kurudi kutoka mpirani, na tundu la nne likazimika.

Baba alitueleza siku hiyo wakati wa kula, kwa upole. Alisema kambini, foleni ikileta fujo, hukimbizani na mtu na wala humshiki mtu shati. Unafunga dirisha. Unakaa ndani, unakunywa maji. Ukifungua, foleni imenyooka yenyewe, na waliofanya fujo wameshashughulikiwa na wenzao.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Haikupita miezi miwili tukawa foleni. Baba hakuwa na haja ya kutuchunguza, kwa kuwa tulichunguzana wenyewe. Mdogo wangu alitaka tundu lake lifunguliwe, akaenda kusema kwamba nina kijana ninayeongea naye kwenye simu. Baba akaichukua simu yangu, akaitia kwenye droo, akafungua tundu la nne. Mimi nikaenda kusema kwamba mdogo wangu anacheza kamari ya mpira kwenye kompyuta. Nilisema kwa furaha. Nakumbuka furaha hiyo vizuri kuliko ninavyokumbuka sura ya yule kijana wa kwenye simu.

Mama peke yake hakusema lolote juu ya yeyote. Na mama ndiye aliyekuwa na siri kubwa kuliko zote, na siri hiyo niliijua kwa sababu nilimtengenezea mimi.

Aliniomba Jumamosi moja huku akinipima gauni, pini mdomoni. Mke wa fundi baiskeli alikuwa na ndugu upande wa Burundi, na kupitia huyo alikuwa amepata namba ya dada. Je, ile kompyuta yake inaweza kuonyesha mtu? Nikamwambia inaweza. Nikamfungulia ukurasa, nikamwonyesha pa kubonyeza. Jumapili iliyofuata, mama alisali ibada ya kwanza, akarudi nyumbani, na saa nne asubuhi, baba akiwa ibada ya pili pamoja na wazee wenzake, dada akatokea kwenye kioo.

Alikuwa amekonda. Alikuwa amekaa mbele ya ukuta wa udongo, na mapajani ana mtoto wa kike aliyevaa gauni jeupe. Mama alisogea karibu. Alinyoosha kidole akagusa kioo, kwenye paji la uso wa mtoto, na picha haikuonekana tena kwa sababu ya kidole chake. Dada akawa analia na kucheka. "Mama, toa mkono, hatukuoni!"

Tangu siku hiyo, kila Jumapili saa nne. Mimi nilikaa barazani kulinda, mdogo wangu akiwa mpirani. Kupitia dirishani nilisikia mama akimwimbia mtoto, akimuuliza dada kama anampa uji wa ulezi, akihesabu meno. Mtoto alisimama dede kwenye kioo kile. Alipiga hatua mbili kwenye kioo kile, akaangukia kamera, na mama akapiga kigelegele ambacho ilibidi akizibe kwa kitambaa cha mteja. Kwa karibu mwaka mzima mama alikuwa mtu mwingine. Hata baba aliliona. Alisema mishono imemfaa.

Wakati huo mimi nilikuwa najiandaa kuomba chuo. Mwaka wa kwanza nilikosa kwa kuwa cheti kilichelewa, na baba akaniambia wazi kwamba hakuna mwaka wa tatu. Nikikosa tena, kuna mwenye duka mmoja mjini, mjane, anayetafuta mke. Sikujua kama anatania. Maombi yalifanyika mtandaoni, na dirisha la maombi lilikuwa karibu kufungwa.

Jumapili moja baba alisahau miwani. Alirudi katikati ya ibada kwa bodaboda. Nilimwona anashuka getini, nikakohoa kwa nguvu kama tulivyopanga, na mama akafunga kompyuta. Baba aliingia chumbani kwake, akatoka na miwani, akanipita bila kunitazama, akarudi kanisani. Tukashukuru Mungu.

Hakusema kitu Jumatatu wala Jumanne. Jumatano asubuhi nilikaa kujaza fomu ya chuo, na mtandao haukuwepo. Nikaenda kugonga mlango wake. Alikuwa ameketi kitandani, na waya wangu umelala mapajani kwake, kichwa kikiwa katikati ya vidole viwili.

"Baba, tundu langu limezimika."

"Nimelizima. Kaa."

Hapakuwa na kiti. Nilikaa sakafuni.

"Jumapili nilipofuata miwani," alisema, "tundu la tatu lilikuwa linapepesa kama kimulimuli. Mtu anayetazama mishono, taa yake haipepesi namna hiyo. Kuna kitu kilikuwa kinakuja na kitu kilikuwa kinakwenda. Wewe ndiye fundi wa nyumba hii. Nieleze."

"Sijui, baba."

"Maombi ya chuo yanafungwa lini?"

"Ijumaa."

"Leo ni Jumatano," alisema. Akauweka waya juu ya mto, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Usitoke getini wiki hii. Nitakuwa hapa hapa."

Nimewahi kujitetea kwa kusema sikuwa na njia. Si kweli. Nyuma ya nyumba, uzio wa minyaa ulikuwa na mwanya ambao mbuzi walipitia kila siku. Stesheneri ya mjini ilikuwa mwendo wa nusu saa, na mwenyewe angenijazia fomu hata kwa deni. Niliutazama ule mwanya Jumatano mchana kutwa. Niliutazama Alhamisi. Niliogopa kwamba nikitoka nitafungiwa nje kama dada, na kuna kitu kingine ambacho nimechukua miaka kukikiri: nilichoka kulinda barazani. Nilichoka kusikia mama akimwimbia mtoto wa mwingine wimbo ambao sikukumbuka kuimbiwa mimi.

Alhamisi alasiri nilirudi kwa baba.

"Anaongea na dada," nilisema. "Kila Jumapili saa nne. Mtoto ni wa kike."

Hilo la mwisho hakuniuliza. Nililiongeza mwenyewe.

Baba alitikisa kichwa polepole. "Nilikuwa najua," alisema. "Mke wa fundi baiskeli ana mdomo. Nilitaka kujua wewe ni wa nani." Akasimama, akachomeka waya wangu. Taa ya pili ikawaka kijani. "Nenda kajaze fomu yako. Ukimaliza, leta ngazi."

Nilijaza fomu. Nilijaza vizuri, nikarudia kusoma kila kifungu, nikahakikisha namba ya mtihani, nikatuma. Nilipopata ujumbe kwamba imepokelewa nilishukuru kwa sauti. Kisha nikaenda kuleta ngazi.

Mama alikuwa anashona sare za shule. Baba aliingia chumba cha cherehani, mimi nyuma yake na ngazi begani, na mdogo wangu akasimama mlangoni. Baba akasema, "Mama, fundi wako anakuja kuondoa waya. Amegundua hitilafu."

Mama akanitazama. Alinitazama kwa muda unaotosha kuvuta uzi kwenye sindano. Hakuuliza hitilafu gani. Akainamisha kichwa, akaendelea kukanyaga cherehani.

Nilipanda darini. Safari hii sikuhitaji fagio, nilijua njia. Niliushika waya wake pale uliposhukia chumbani kwake, nikauvuta, nao ukakwama kidogo, ukaachia, ukaanza kupanda. Kwenye tundu uliloshukia nilimwona mama chini, na mkia wa buluu ukipita mbele ya uso wake, ukipanda, hadi kile kichwa nilichokibana kwa mikono yangu kikampita puani kikapotelea juu. Cherehani haikusimama hata mara moja.

Baba hakuutupa ule waya. Ulikuwa mzima, alisema, ni dhambi kutupa kitu kizima. Aliniagiza niufunge uwanjani, kutoka nguzo ya jiko hadi mti wa mpera, uwe kamba ya kuanikia nguo. Na mama akaanika nguo juu yake, kila wiki, mashuka na kanga na mashati ya baba.

Jumapili iliyofuata mama alisali ibada ya kwanza kama kawaida. Saa nne aliingia chumba cha cherehani akafunga mlango. Mimi nilikuwa chumbani kwangu, taa yangu inawaka. Nilikwenda nikafungua mlango wake. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, ameiwasha, kioo kinaonyesha picha ya maua iliyokuja na mashine. Alikuwa amevaa kitenge kipya.

"Mama," nilisema kwa Kiha, "njoo utumie ya kwangu. Baba yuko kanisani."

Alijibu kwa Kiswahili. "Hapana, asante."

Katika maisha yangu yote mama hakuwahi kunisemesha kwa Kiswahili tukiwa wawili. Kiswahili kilikuwa cha wageni, cha wateja, cha mwalimu mkuu. Na asante hatukuwa tunaambiana. Nani anamwambia asante mkono wake mwenyewe? Nilidhani ni hasira ya siku moja. Jumatatu asubuhi nilimwamkia "Mwakeye," akaniambia, "Habari za asubuhi." Ikawa hivyo. Hakunikasirikia, hakuninyima chakula, aliniombea mbele za watu nilipopata chuo, akanishonea magauni mawili ya kwenda nayo. Aliyapima kwa tepu bila kunigusa.

Nilisoma mambo ya mitandao. Nilikuwa hodari kuliko wavulana wote darasani kwenye kubana vichwa, na mwalimu alipouliza nimejifunza wapi, nilisema nyumbani. Nilipohitimu baba alichinja mbuzi. Alisimama mbele ya wageni akasema, "Ufundi huu nilimfundisha mimi, kwa mkono huu," na watu wakapiga makofi. Alisema kweli. Nilipata kazi Kasulu, kufunga mitandao kwenye ofisi, maduka na nyumba za watu. Nikiingia nyumba ya mtu, baba wa nyumba akiniambia anataka mitambo ikae chumbani kwake na kila chumba kiwe na waya wake, namfungia. Sijawahi kukataa. Ninafunga vizuri.

Baba alikufa kwa sukari, baada ya kukatwa mguu mmoja na kukataa wa pili. Hakuomba msamaha kwa mtu. Msibani walisimama wazee wanne, mmoja baada ya mwingine, wakamwita nguzo. Mimi nililia sana. Mdogo wangu alirusha udongo kaburini, akaenda kukaa kwenye pikipiki yake na hakushuka mpaka watu wakatawanyika.

Baada ya arobaini mama alikwenda mjini mwenyewe, akanunua simu ya kioo. Hakuniomba nimfungulie kitu. Niliporudi likizo nilikuta anaongea na dada kila siku, asubuhi na jioni, simu ameiegemeza kwenye kopo la vifungo.

Dada alikuja Desemba iliyofuata na binti yake, ambaye sasa alikuwa na miaka inayomtosha kubeba begi lake mwenyewe. Alinikumbatia getini akaninyanyua. Alikuwa amenenepa, anacheka kwa sauti ya juu, Kiha chake kimeingiliwa na Kirundi. Mtoto akanishika mkono akaniita mama mdogo kabla hajaambiwa.

Mchana tulikaa uwanjani. Dada alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, mama akichambua maharage, mimi nikimenya ndizi. Dada alitua mchi akajifuta jasho.

"Sijakushukuru," aliniambia. "Mama ameniambia ni wewe ulimwekea ule mtandao wa kwanza. Ulipanda darini mchana wa jua kali, kwa ajili yetu. Ule mwaka mmoja, mdogo wangu, ndio ulioniweka hai. Nilikuwa sina mtu kule. Mungu akuzidishie."

Nilimtazama mama. Alikuwa anapeta maharage, akitoa mawe.

"Ulipokatika ndipo nilipoteseka," dada aliendelea. "Kila Jumapili nilimvalisha huyu gauni jeupe, tunakaa mbele ya simu. Saa nne, saa tano. Miezi mingapi ile? Gauni likambana, nikalipasua kwapani, nikamvalisha hivyo hivyo. Nikajua mama amekufa. Nikamlilia kabisa, nikakaa matanga peke yangu."

"Ilikuwa radi," mama alisema. "Ilipiga, ikaunguza."

"Ndivyo ulivyoniambia." Dada akacheka, akanipiga bega kwa mkono wenye majani. "Na wewe fundi mzima, ukashindwa kutengeneza waya mmoja?"

Mama aliweka ungo chini. Hakunisaidia. Alikunja mikono mapajani akanitazama, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alinitazama sawasawa, akisubiri kama mtu anayesubiri mwenzake amalize sentensi.

"Nilikuwa nimeshaondoka kwenda chuo," nilisema.

"Ah," dada akasema. "Basi."

"Ndiyo," mama akasema. "Alikuwa na masomo yake." Akaokota ungo, akaendelea na maharage yake. Dada akashika mchi. Mtoto alikuja kuniomba ndizi mbivu, nikamwambia hizi ni za kupika, akakaa karibu yangu hata hivyo, ameegemea goti langu, akihesabu maganda.